Rafu ya Swali Moja: Mwongozo kwa Wakutubi wa Vyuo vya Kericho na Bomet

Mwezi Mei 2023 mashine za kuchuma majani chai zilichomwa moto katika mashamba makubwa ya Kericho. Mwanafunzi anayetaka kuelewa kisa hicho akiingia maktaba ya chuo chake, atatembea sana. Ikiwa maktaba inapanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, kilimo cha chai kiko 633.72, uchumi wa kazi na vyama vya wafanyakazi 331, sheria za ajira 344, na historia ya Kenya 967.62. Rafu hizo nne huenda zikawa katika ghorofa mbili tofauti. Hapo hakuna aliyekosea: katalogi iliundwa ifuate taaluma, nayo inafuata. Lakini jambo linalogombanisha watu halina taaluma moja. Mzozo wa mashine ni wa kilimo, wa mshahara, wa sheria na wa historia kwa wakati mmoja, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajui kwamba anapaswa kupita kote huko. Rafu ya mambo ya sasa ipo ili ikusanye tena kile ambacho katalogi imekitawanya. Iwe unahudumu katika Chuo Kikuu cha Kabianga, KMTC ya Kericho au chuo kilichoko Bomet, ushauri wote unaofuata hapa unatokana na hoja hiyo moja: kinachostahili kuangaziwa ni njia inayotoka kwenye habari ya leo hadi kwenye nyaraka zilizoizaa.

Mazoea ya vyuo vingi ni meza ya magazeti na ubao wenye kichwa "Mambo ya Sasa". Taifa Leo, Nation na Standard hupangwa asubuhi, na baada ya muda hufungwa furushi na kupelekwa stoo. Meza hiyo ina manufaa yake, hasa kwa mwanafunzi ambaye bando limemwishia, wala isiondolewe. Hata hivyo inampa msomaji kitu ambacho mara nyingi amekwisha kukiona kwenye simu. Wapo watakaosema kwamba hicho ndicho vijana wanachotaka, na kwamba hakuna kijana atakayesoma hati ya kurasa mia. Yaliyotokea Juni 2024 yanawajibu. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulisambazwa na vijana wenyewe, kifungu kwa kifungu, ukafafanuliwa kwa Kiswahili na kwa lugha za mama: kodi ya mkate, kodi ya magari ya asilimia 2.5, na mengineyo. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni, na siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Kiu ya hati asilia ilikuwapo. Kilichokosekana kwa wengi ni jirani za hati ile. Mswada ukiwa peke yake hukuambia kinachopendekezwa kubadilishwa, lakini haukuambii sheria iliyopo inasemaje, kamati ya Bunge iliripoti nini, wala Katiba inaweka mipaka gani katika utozaji wa kodi. Simu huleta hati moja moja. Kuzileta hati pamoja, kwa mpangilio unaofikirisha, ni ujuzi wa mkutubi, na hakuna mtu mwingine chuoni anayelipwa kuutumia.

Anza na swali. Mada kama "Chai", "Ardhi" au "Siasa" ni pana mno, na huishia kuwa lundo la vitabu vyovyote vyenye neno hilo kwenye jalada. Swali hukulazimisha kuchagua. Chukua bonasi ya majani chai, ambayo kila mwaka kati ya Septemba na Oktoba huwa gumzo katika kila kituo cha kununulia majani kutoka Kapkatet hadi Litein. Andika juu ya rafu: "Kwa nini bonasi ya magharibi mwa Bonde la Ufa huwa ndogo kuliko ya mashariki?" Papo hapo unajua unachotafuta. Unahitaji viwango vya malipo ya viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, pande zote mbili, kwa miaka kadhaa mfululizo, kwa sababu mwaka mmoja hauthibitishi chochote. Unahitaji bei za mnada wa Mombasa. Unahitaji Sheria ya Chai ya 2020, ambayo ililetwa kwa ahadi ya kumpa mkulima mdogo sauti zaidi. Unahitaji maelezo ya bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo ambayo KTDA iliiweka mnadani Julai 2021, iliyosifiwa kwanza kuwa ngao ya mkulima, kisha ikalaumiwa kwa kuacha chai nyingi bila mnunuzi, na hatimaye ikaachwa. Unahitaji pia kitabu cha agronomia kinachoeleza maana ya majani mawili na chipukizi, kwa kuwa moja ya hoja zinazotolewa ni ubora wa majani yanayofika kiwandani. Hoja nyingine ni gharama za viwanda, madeni na usimamizi. Mkulima ana haki ya kuuliza ni ipi kati ya hizo inayobeba uzito mkubwa, na mtoto wake aliyeko chuoni ndiye atakayeombwa jibu akienda nyumbani.

Vitu sita hadi kumi vinatosha. Zaidi ya hapo msomaji hutazama jumla bila kufungua hata kimoja. Kati ya hivyo, angalau viwili viwe hati asilia: sheria, hukumu, tangazo la Gazeti Rasmi la Serikali, ripoti ya tume au jedwali la takwimu. Sheria na hukumu za Kenya zinapatikana bila malipo katika tovuti ya Kenya Law, na mijadala ya Bunge katika kumbukumbu za Hansard. Shirika la Takwimu la Taifa hutoa Ripoti ya Uchumi kila mwaka, nayo ina sehemu ya kilimo yenye chai ndani yake. Kwa makala za utafiti, chuo kilicho mwanachama wa KLISC, muungano wa maktaba za Kenya wa kununua rasilimali za kielektroniki kwa pamoja, tayari kinalipia majarida ambayo wanafunzi hawajui kuwa yapo. Mpango wa AGORA unaosimamiwa na FAO umekuwa ukifungua majarida ya kilimo kwa nchi kama zetu tangu 2003. Chapisha ukurasa wa kwanza wa makala moja nzuri, uuweke rafuni, na uandike chini yake hatua za kuifikia nzima. Ukurasa huo mmoja utafanya kazi kuliko semina ya saa tatu kuhusu hifadhidata, kwa sababu msomaji anaukuta akiwa tayari na swali.

Sasa tufike kwenye kijikaratasi kinachobandikwa chini ya kila kitu, maana hapo ndipo rafu nyingi huharibikia. Kijikaratasi kizuri kina mambo matatu: hiki ni nini, kimetoka kwa nani na lini, na kinajibu sehemu gani ya swali. Sifa na lawama hazina nafasi. Chukua takwimu ya ajira 30,000, ambayo mwaka 2023 ilitajwa mara kwa mara katika habari kuwa ndizo zilizopotea Kericho kwa sababu ya mashine. Ukiibandika kwa herufi kubwa, umeigeuza kuwa ukweli wa maktaba. Ukiandika ni nani aliyeitoa, inahusu kipindi gani, na kwamba kampuni za chai huzungumzia gharama za uzalishaji na uhaba wa wachumaji, umempa msomaji kazi ya kupima. Halafu weka kando yake taarifa za mgomo wa Oktoba 2010, ambapo chama cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU, kiligomea mashine hizohizo. Hapo msomaji anagundua kwamba jambo la 2023 lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi na miwili, na kwamba kati ya mgomo na moto yalipita mazungumzo, mikataba na kesi anazoweza kuzisoma.

Mfano mwingine unaonyesha jinsi hati fupi inavyoweza kuangaza sakata refu. Oktoba 2024 Bunge la Kaunti ya Kericho lilipiga kura ya kumwondoa gavana, na wawakilishi 31 kati ya 47 wakaunga mkono. Seneti ilipokaa, haikufika hata kwenye tuhuma zenyewe. Ilikubali pingamizi kwamba theluthi mbili haikutimia. Watu wengi walibishana sokoni na redioni bila kuona kifungu. Rafu ya jambo hili ingehitaji vitu vitatu tu: Ibara ya 181 ya Katiba, kifungu cha 33 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinachodai theluthi mbili ya wanachama wote, na karatasi yenye hesabu kwa kalamu ya risasi. Theluthi mbili ya 47 ni 31.33. Je, 31 inatosha, au ni lazima iwe 32? Msomaji anayeunga mkono gavana na yule anayempinga wote wanasimama mbele ya hesabu hiyohiyo. Maktaba haikusema nani ana hatia. Imewasaidia kubishana juu ya kilichoamuliwa, na kwa raia hiyo ni hatua kubwa.

Pingamizi zito zaidi utakalokutana nalo linahusu ardhi. Utaambiwa na wakuu wa chuo, pengine kwa nia njema kabisa, kwamba maktaba isijiingize katika mambo yanayoweza kuudhi kampuni, serikali ya kaunti au wafadhili. Hoja hiyo ina uzito: chuo ni taasisi ya umma, na mkutubi hana mamlaka ya kukisemea. Lakini tazama hali ilivyo. Sehemu ya ardhi ya mashamba ya chai ya Kericho ilitwaliwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwa ajili ya maafisa wa Kiingereza waliolemaa vitani, waliotarajiwa kulima kitani. Mradi ule ulianguka, na kampuni za chai zikaingia katika miaka ya 1920. Mwaka 1934 ilipitishwa sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, nao wakapelekwa Gwassi, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Homa Bay. Mwaka uleule ilitoka ripoti ya Tume ya Ardhi ya Carter pamoja na majuzuu ya ushahidi. Machi 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilichapisha katika Gazeti Rasmi uamuzi wake juu ya madai ya Wakipsigis na Watalai, na mwaka 2022 madai yao yakafikishwa mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Wakati huohuo mashamba yenyewe yamebadilisha mikono: chai ya Unilever iliuzwa 2022, na mashamba ya Finlays yakaenda kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Mwanafunzi wa Kabianga anapita kando ya mashamba ya chai akienda darasani. Maktaba yake ikinyamaza, hajakingwa na jambo hilo. Ameachiwa mwanasiasa na sauti za WhatsApp zimweleze peke yao.

Kwa hiyo jibu la pingamizi ni utaratibu, uandikwe na upitishwe na kamati ya maktaba kabla mzozo haujafika. Kanuni ya kwanza iwe kwamba kila upande unawakilishwa na hati yake yenyewe iliyo bora kuliko zote, si muhtasari ulioandikwa na mpinzani wake. Kwenye rafu ya ardhi, uamuzi wa 2019 wa Tume ya Taifa ya Ardhi ukae karibu na Ibara ya 65 ya Katiba, inayomruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa ukodishaji usiozidi miaka 99, pamoja na taarifa rasmi za kampuni. Vitabu vya zamani vya rafu za historia navyo vitoke: utafiti wa Peristiany wa 1939, kitabu cha Orchardson cha 1961, na kile cha Henry Mwanzi cha 1977 kuhusu historia ya Wakipsigis. Viandikie kwamba viwili vya kwanza viliandikwa na Wazungu wakati wa ukoloni au karibu na mwisho wake, ili msomaji ajue anasoma kwa macho ya nani. Kanuni ya pili: kichwa cha rafu kiwe swali ambalo pande zote zingekubali kwamba ndilo linalobishaniwa. "Wizi wa ardhi" ni hitimisho, na "Uvamizi wa mashamba" pia ni hitimisho. "Ardhi ya chai ni ya nani kisheria, na ilifikaje hapo?" ni swali.

Kuna pingamizi jingine, la ndani zaidi, ambalo halijibiwi na uwiano wa hati. Chuoni mwako wamo watoto wa wachumaji waliotoka Kisii, Nyanza na Magharibi, na wengine wazazi wao walifukuzwa mashambani katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Rafu ya ardhi inayosimulia dhuluma ya 1934 na kusahau ya 2007 na 2008 itawaambia kwamba maktaba si yao. Ripoti ya Tume ya Waki ya 2008 kuhusu ghasia hizo iwepo, pamoja na ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013, iliyogusa vipindi vyote viwili. Iwepo pia hukumu ya Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ya Julai 2018, iliyotupa rufaa ya wadai 218, wakiwemo wafanyakazi na jamaa zao, walioidai Unilever fidia kwa yaliyowapata kwenye shamba la Kericho. Ni hukumu inayouma, na inaeleza kwa undani ni lini kampuni mama inaweza kuwajibika kwa kampuni tanzu. Vivyo hivyo kwa filamu ya BBC ya Februari 2023 kuhusu dhuluma za kingono mashambani: usiiangazie bila kuweka pembeni namba ya msaada ya 1195 na jina la ofisi ya ushauri ya chuo, kwa maana kati ya wasomaji wako yupo ambaye kwake hiyo si mada ya insha. Na ikiwa hali ya nje imechafuka kiasi kwamba rafu inaweza kuwasha moto, ahirisha ufunguzi na uandike tarehe mpya. Kuahirisha kwa tarehe si sawa na kufuta.

Kuhusu pesa sina mengi. Karatasi, kalamu, stendi ya vitabu na saa chache za mkutubi mmoja zinatosha, na hati nyingi nilizozitaja hazina bei. Hati inayokosekana inaweza kuombwa: Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi la raia. Wafundishe wanafunzi kuandika ombi hilo, na jibu, hata likiwa la kukataa, liwekwe rafuni. Ziada yoyote ya bajeti iende kwenye kununua nakala ya pili ya kitabu kinachogombaniwa. Na hakimiliki iheshimiwe: bandika ukurasa wa kichwa na dondoo fupi, kisha mwelekeze msomaji kwenye nakala kamili.

Mahali pa rafu panaamua kama itasomwa. Iweke pale wanafunzi wanaposimama bila la kufanya: karibu na foleni ya kopi, au karibu na soketi za kuchajia simu. Picha moja inayosomeka itumwe kwenye vikundi vya WhatsApp vya madarasa kupitia viongozi wa darasa, ikiwa na swali na majina ya hati, basi. Tangazo refu halisomwi. Lugha nayo ina uzito. Sheria na hukumu zetu zimeandikwa kwa Kiingereza kigumu, hivyo muhtasari wa aya moja kwa Kiswahili safi chini ya kila hati si mapambo. Makala za Taifa Leo juu ya swali lilelile ziwe hapo, na kama vipindi vya Kass FM au Chamgei FM vimelijadili, taja kipindi na tarehe. Mhadhiri mmoja akikubali kulitumia swali la rafu kwa kazi ya darasa, rafu itajaa watu bila tangazo jingine. Mtafute mapema, mwanzoni mwa muhula, kabla hajapanga kazi zake.

Kila rafu iwe na tarehe ya kufunguliwa na ya kufungwa, zote zikionekana. Wiki tano au sita zinatosha kwa maswali mengi; la bonasi lifunguliwe mwanzoni mwa Septemba, kabla viwango havijatangazwa, ili msomaji apokee tangazo akiwa na msingi. Jambo likibadilika katikati, kama hukumu mpya ikitoka, usiondoe kijikaratasi cha zamani. Bandika kipya juu yake na tarehe, msomaji aone kwamba maarifa yana historia. Hesabu vitabu vilivyoazimwa na hati zilizoombwa kopi, uandike pia maswali yaliyoulizwa dawatini, kwa kuwa swali linalorudiwa mara nyingi ndilo kichwa cha rafu ijayo. Siku ya kufunga, vitabu virudi 331, 344, 633.72 na 967.62, lakini orodha ya rafu, vijikaratasi vyote, vipande vya magazeti na majibu ya maombi ya habari viingie kwenye jalada moja lenye swali na tarehe mgongoni, lipewe namba, na liingizwe kwenye katalogi chini ya Kericho au Bomet, ili anayeandika tasnifu kuhusu mashine za chai mwaka 2035 aanzie hapo.